Kiboksi cha kuchangia viungo kwenye fomu ya leseni: maswali yenu

Safari iliyopita niliandika kwamba swali la kuchangia viungo baada ya kufa linafaa liwekwe kwenye makaratasi tunayojaza kila siku, leseni ya udereva, kitambulisho, kodi, bima, basi meseji zikaingia mfululizo, wengine wanaunga mkono wengine wamechefukwa kabisa. Nimechukua chache, nimezifupisha, twende.

Mbona mnang'ang'ania fomu ya leseni? Tangazeni tu, anayetaka atajisajili mwenyewe.

Matangazo yapo miaka nenda miaka rudi na shida ni ileile, mtu anaona tangazo anasema ee hili jambo zuri nitajisajili, halafu maisha yanaendelea. Hamna mtu anaamka asubuhi ana hamu ya kupanga habari za maiti yake. Lakini leseni ikiisha muda lazima uende, kalamu iko mkononi, jina na tarehe ya kuzaliwa umeshajaza, kilichobaki ni kiboksi kimoja. Fomu haimbadilishi aliyekataa, inamnasa yule aliyekubali zamani moyoni ila hakupata wasaa, na hao ndo wengi.

Angalia Australia. Zamani majimbo mengi kule mtu alikuwa anajisajili kwenye leseni, halafu wakaamua kila kitu kiende kwenye rejista moja ya taifa, wazo zuri tu, ila katika kuhamisha huko wakakiondoa na kile kiboksi, jimbo la New South Wales kwa mfano waliachana nacho mwaka 2012. South Australia wao wakabaki na leseni yao. Leo South Australia waliojisajili ni zaidi ya asilimia 70, na taifa zima liko kwenye asilimia 36 hivi. Nchi moja hiyo, rejista moja, matangazo ya taifa yaleyale, mi sijui mtu anataka ushahidi gani mwingine. Marekani nako waliosajiliwa ni zaidi ya watu milioni 160 na sehemu kubwa kabisa wamepitia ofisi za leseni, ndo maana leseni za majimbo mengi kule utakuta zina kialama cha moyo.

Kanada wao wamegusa hadi kodi, mkazi wa Ontario au Nunavut anapojaza ritani ya kodi anaulizwa kama anataka atumiwe taarifa za kuchangia viungo. Sasa pale hujasajiliwa bado, umekubali kutumiwa taarifa tu, inabidi baadaye uende ukamalizie mwenyewe, na kila hatua ya ziada kama hiyo kuna watu wanadondokea njiani. Lakini ni mwanzo, tena kodi ina uzuri wake, inakuja kila mwaka, leseni unaweza ukakaa nayo miaka mingi.

Kama ni hivyo si mlazimishe kila mtu ajibu ndiyo au hapana ndo apewe leseni?

Texas walijaribu miaka ya 90. Karibu asilimia 80 wakajibu hapana na sheria ikafutwa mwaka 1997.

Ukimbana mtu kwenye jambo ambalo hajawahi kulifikiria atachagua lile linalomwacha alipo, yaani hapana. Na ubaya ni kwamba hapana hiyo sasa imeandikwa, ikija siku familia yake iko hospitali na pengine ingekubali, karatasi inasema marehemu alikataa, kwa hiyo umeharibu kuliko usingeuliza kabisa. Uingereza nadhani walilifikiria vizuri zaidi, kuanzia mwaka 2011 ukiomba leseni onlaini huwezi kuliruka swali lakini machaguo yalikuwa matatu: nisajilini, nimeshajisajili, sitaki kujibu sasa hivi. Hilo la tatu watu wanalidharau ila mi naona ndo roho ya mpango wote, maana anayekwepa leo unabaki na nafasi ya kumuuliza tena. Na kumuuliza tena kunalipa, watafiti waliofuatilia leseni za jimbo la Massachusetts kule Marekani waliona watu wakirudi kaunta na kuulizwa upya, wasiokuwemo waliojiongeza ni wengi mno kuliko waliokuwemo wakajitoa. Uliza, akikwepa mwache aende, leseni ikiisha muulize tena.

Niko dirishani, foleni inanihemea mgongoni, karani anauliza "viungo, ndiyo au hapana?" hata hajaniangalia. Huo si ushinikizaji?

Hapo nakuunga mkono na nitakaa kidogo maana ndipo mipango mingi inapochafukia. Karani katoka kukuuliza urefu, kakuuliza kama unavaa miwani, sauti ileile na mkono uko kwenye kibodi akakuuliza habari ya moyo wako na figo zako utakapokufa, na nyuma kuna mtu anakohoa makusudi ili umalize. Ukimuuliza karani kifo cha ubongo (ubongo umeshakufa huku mashine bado inampumulia mtu) maana yake nini hajui, na hakuajiriwa kujua. Jibu lolote utakalotoa pale, ndiyo au hapana, limetoka kwa foleni.

Kwa hiyo swali lisiulizwe kwa mdomo, liwe kwenye karatasi unayojaza umekaa, au onlaini ukiwa peke yako na simu yako, na karani kazi yake iwe kuingiza kilichoandikwa basi. Na kabla ya kiboksi iwepo sentensi moja au mbili za maana. Hizo sentensi zina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2013 Uingereza walifanya jaribio, mtu akimaliza mambo yake ya leseni au kodi ya gari kwenye tovuti ya serikali anaoneshwa ukurasa wa kumkaribisha ajisajili, wakaandaa matoleo 8 tofauti, walioyaona wakazidi milioni moja. Lililoshinda lilikuwa linauliza tu, kwa maneno yangu: wewe ukihitaji kiungo ungekubali kupewa? Kama ndiyo basi saidia na wengine. Wakapiga hesabu kwamba likitumika mwaka mzima lingeongeza usajili karibu 96,000 kuliko ule ukurasa wa kawaida, na gharama ni kubadilisha mstari mmoja. Lililoshindwa vibaya ni lile lenye picha ya kundi la watu wamesimama pamoja, hilo lilipunguza kabisa, pengine watu waliona kama tangazo la biashara wakafunga. Yaani kuna mtu alilipwa kutafuta ile picha.

Nikitiki si nimewaambia madaktari wasihangaike na mimi?

Hili limeuliza watu wengi na sio swali la kijinga. Kwanza, daktari anayekutibu sio anayepandikiza, na wanaothibitisha umekufa hawaruhusiwi kuwa kwenye timu ya upandikizaji, huo ni msingi kwenye nchi zote zenye utaratibu wa maana. Pili, hebu fikiria inavyokuwa kiutendaji. Moyo ukishatolewa una saa 4 hadi 6 hivi uwe umeshapandikizwa, figo zinavumilia zaidi, siku moja na kitu. Viungo vinaharibika haraka damu ikisimama, kwa hiyo anayeweza kuchangia ni yule aliyefia ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, yuko kwenye mashine ya kupumulia, madaktari wamepambana naye mpaka mwisho. Anayeachwa bila kuhangaikiwa anafia wodini au nyumbani, na moyo wake au ini lake haliwezi tena kutumika kwa mtu. Kumtelekeza mgonjwa hakumpi mtu kiungo.

Na hapohapo ndo utaona kwa nini wanahitajika waliosajiliwa wengi sana, Uingereza wanakadiria kati ya watu 100 wanaokufa ni kama mmoja tu anayekufa katika hali inayoruhusu kuchangia. Huyo mmoja anaweza kuokoa hadi watu 8: moyo, mapafu mawili, ini, figo mbili, kongosho, utumbo. Akikosekana kwenye rejista kwa sababu fomu haikumuuliza, ni hasara ya hao wote.

Nimetiki, nikifa ndugu zangu wanaweza kukataa?

Inategemea sheria ya mahali. Marekani mtu mzima akishajisajili mwenyewe, kisheria familia haina uwezo wa kutengua. Uingereza sajili yako inatosha kisheria lakini kwa vitendo familia wakikataa katakata madaktari huwa hawaendelei. Mi nawaelewa, nani anataka kuvutana na mama aliyefiwa saa moja iliyopita?

Ila kiboksi kina kazi hata pale ambapo hakina neno la mwisho. Uingereza familia ikijua marehemu alitaka, karibu 9 kati ya 10 wanakubali, wakiwa hawajui inashuka hadi kama nusu. Baadhi ya wanaokataa sio kwamba wanapinga, hawajui tu mwenyewe angesemaje na wanaogopa kukosea. Kwa hiyo mimi fomu ningeichapa na kipande cha kukata chini, "nimejisajili leo, nawaambia mapema", ukifika nyumbani unakibandika kwenye friji au unakipiga picha unarusha kwenye grupu ya familia. Watakuuliza unaumwa nini, utawajibu. Maongezi ya dakika 2 hayo yana uzito kuliko kadi yoyote ya plastiki.

Kwani si rahisi tuseme kila mtu ni mchangiaji mpaka aandike amekataa? Fomu za nini?

Ziko nchi zimefanya, Uholanzi julai 2020, na ndani ya Uingereza, Wales desemba 2015 na England mei 2020. Uholanzi kila mtu mzima ambaye hajasajili chochote anaandikiwa barua, usipojibu na ya pili usipojibu unaingizwa kama huna pingamizi. Kwa hiyo hata huko hukwepi makaratasi, yamegeuzwa mwelekeo tu.

Wanaoshabikia njia hii wanapenda kutaja Hispania. Ni kweli Hispania inaongoza duniani miaka mingi, wachangiaji zaidi ya 45 kwa kila watu milioni, na ni kweli sheria yao tangu 1979 inamhesabu kila mtu kuwa amekubali. Lakini sheria ilikaa miaka 10 bila matokeo ya kutisha, mambo yalianza kubadilika walipoanzisha shirika lao la taifa la upandikizaji mwaka 1989 chini ya daktari Rafael Matesanz, wakaweka waratibu mahospitalini, wengi wao madaktari wa ICU wenyewe, kazi yao kumtambua mgonjwa anayeweza kuchangia na kukaa na familia. Familia inaulizwa kila mara, sheria haitumiki kuwapita. Kwa hiyo nikipewa bajeti ya kitu kimoja tu nachukua mratibu, kiboksi kitafuata. Uzuri ni kwamba kiboksi ni bei ya wino, sioni kwa nini tuchague.

Sharti langu moja: hizo fomu zote ziingie kwenye rejista moja ambayo hospitali inaweza kuifungua saa 9 usiku. Kiboksi kilichotikiwa kikaishia kwenye faili la ofisi ya leseni ni mapambo.

Dini inaruhusu?

Muulize kiongozi wako, mi sio sheikh wala padri. Nijuacho ni kwamba Baraza la Fiqhi (sheria za dini) la Kiislamu la Jeddah lilitoa azimio la kuruhusu kwa masharti mwaka 1988, na Papa Yohane Paulo wa Pili aliunga mkono hadharani kwenye kongamano la madaktari wa upandikizaji Roma mwaka 2000. Wapo wanaopinga pia, na ndo sababu nyingine ya lile chaguo la "sitaki kujibu sasa", mtu apate muda wa kwenda kuuliza.

Tupunguziwe basi ada ya leseni tukikubali.

Ha. Ukianza kulipia kiboksi watatiki wenye shida, wala hawajasoma, na siku ya siku familia itasema alifuata punguzo. Azimio la Istanbul la mwaka 2008, la wataalamu wa upandikizaji wa nchi mbalimbali, linapinga biashara ya viungo moja kwa moja, na ingawa punguzo la ada sio kununua figo, mi nisingependa tuanze hata kuusogelea mstari huo. Israel wametumia motisha nyingine, sheria yao ya mwaka 2008 inampa kipaumbele kiasi kwenye foleni ya kupandikizwa yule aliyejisajili angalau miaka 3 kabla. Hiyo inajadilika, ina haki fulani ndani yake, ingawa daktari hapendi kuangalia kitu kingine zaidi ya hali ya mgonjwa.

Nina miaka 67 na sukari juu, nijaze au niache?

Jaza. Hakuna haja ya kujichuja mwenyewe, watakaoamua kiungo kipi kinafaa ni madaktari siku hiyohiyo, na nchi nyingi hazina ukomo wa umri. Figo zikikataa, ini linaweza kufaa, au konea za macho, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho.

Nilitiki kwenye leseni ya zamani, sasa nimehamia nchi nyingine. Bado nimo?

Umo kule, huku haumo. Rejista hazisafiri na mtu, hospitali ya huku haitapiga simu ofisi ya leseni ya kule kuuliza. Jisajili upya kwa utaratibu wa unapoishi, kama hawana rejista andika kwenye karatasi kaa nayo pamoja na kitambulisho, halafu mwambie yule uliyemwandika ndugu wa karibu kwenye fomu za hospitali, maana ndiye watakayempigia.