Kibali cha kuongeza baraza mbele ya nyumba

Ndugu yangu, umeuliza kama baraza la mita tatu unalotaka kuliongeza mbele ya nyumba yako ya Tabata linahitaji kibali, ilhali nyumba yenyewe ilikwisha kupata. Linahitaji. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka idhini kwa uendelezaji wowote wa kiwanja, na kibali cha awali kinahusu michoro ileile iliyopitishwa, si nguzo na bati la leo. Maombi yapeleke Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, kwani Manispaa ya Ilala ilipandishwa hadhi mwaka 2021, ukiambatanisha hati ya kiwanja na michoro inayotofautisha jengo la zamani na nyongeza.

Kabla ya kumlipa mchoraji, tafuta bikoni zako, yaani alama za mipaka ya kiwanja, na upime kwa futikamba. Mimi nilimwamini fundi aliyekadiria kwa hatua za miguu (naye alivaa kandambili), na masika yalipoanza maji ya bati langu yakawa yanamwagikia ukuta wa jirani hadi rangi ikabanduka, nikalazimika kulikata. Angalia pia chemba ya maji taka ilipo, nguzo isije ikasimama juu ya bomba.