Nyasi na maua ya nyumbani Mtwara na Lindi: fikiria Septemba kwanza

Februari kila bustani inapendeza. Kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Baada ya hapo ni jua na upepo wa kusi. Kabla ya kulipia miche, piga hesabu ya maji ya Septemba.

Kwenye mchanga wetu, mita moja ya mraba ya nyasi zilizo juani inataka kama lita 10, mara mbili kwa wiki. Eneo la mita 40 za mraba linakula madumu 20 ya lita 20 kila unapomwagilia. Kama maji unanunua, panda mita 10 za mraba mbele ya baraza, kwingine mwaga changarawe au tandaza makumbi ya nazi. Maganda ya korosho yaache, hata ukipewa bure: mafuta yake yanaunguza ngozi, na watoto hucheza pekupeku.

Karibu na bahari, Shangani au Mikindani, chagua nyasi ziitwazo pemba. Jani lake pana linastahimili chumvi na kivuli cha wastani. Ukoka unavumilia ukame na kukanyagwa, ila chini ya mwembe unaacha vipara, tena hutambaa hadi kwenye maua.

Panda Desemba au Januari, ardhi ikishalowa. Lima kina cha sentimita 20, changanya toroli 2 za samadi iliyooza kwa kila mita 10 za mraba (mbichi inaunguza mizizi), kisha chomeka vipande vyenye vifundo 2 au 3, kila sentimita 15. Ukipanda Aprili, kiangazi kitaikuta mizizi ingali juu juu.

Halafu kuna ndago, gugu ambalo mara nyingi huja na udongo wa kununua. Jembe linakata majani tu. Viazi vyake hubaki chini na kuchipua tena. Mwagilia eneo tupu wiki 3 kabla ya kupanda, ndago ichomoze, uichimbue pamoja na viazi.

Ukuta unaopigwa na kusi uachie bogainvilia. Ikishashika, ipunguzie maji ndiyo ichanue. Ukiizidishia samadi utavuna majani matupu. Miche yote iwekee matandazo, ila yaache mbali na shina kwa upana wa kiganja, maana mchwa hupitia humo humo kufika kwenye gome.