Kwa wahasibu wapya wanaotunga alfajiri

Mwezi Juni, mwaka wa fedha wa serikali unapokwisha, huwafichua. Hati za malipo zimerundikana, vifungu vya bajeti viko mbioni kufungwa, mweka hazina amepoteza utani wake wote, na katikati ya hekaheka hiyo mhasibu mpya wa halmashauri ameketi mbele ya MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, akihesabu mizani ya shairi kwa vidole. Mwaka huu nimewaona wawili wa namna hiyo, pamoja na wa tatu anayechora katuni migongoni mwa hati za malipo zilizokwisha kuidhinishwa. Ninawapenda wote, na ninaandika haya kwa sababu nimechoka kuwatazama wakirudia makosa ambayo sisi wakubwa wao tuliyalipia zamani.

Kwanza, acheni kuidharau ofisi. Mnapenda kusema kwamba mtu wa sanaa hawezi kufungwa na vocha, kisha papo hapo mnamtaja Shaaban Robert, mtu aliyeingia utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, akakaa huko hadi 1944, ndipo akapitia idara ya wanyamapori, ofisi ya wilaya ya Tanga na ofisi ya upimaji. Sisemi kwamba ukarani ndio uliompa kipaji. Nasema hakungoja kuondoka mezani ndipo atunge. Isitoshe, mshahara ndio unaokuwezesha kuukataa mkataba mbaya wa mchapishaji, jambo ambalo mwenye kudaiwa kodi ya nyumba haliwezi.

Pili, saa za ofisi ni za ofisi. Hapa ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa na riwaya iliyokuwa ikielekea mwisho, na akili yangu yote ilikuwa humo. Dereva mmoja wa halmashauri, mtu mzima tuliyemwita Mzee, alirudi safari akaniletea marejesho ya masurufu yake, yaani uthibitisho wa matumizi ya fedha za safari alizopewa kabla ya kuondoka: fomu iliyojazwa kwa mwandiko mkubwa, risiti za mafuta zilizobanwa kwa pini, tiketi ya kivuko, na karatasi yenye mihuri ya vijiji alivyopita. Alizipanga mezani moja baada ya nyingine huku akinieleza, nami nikaitikia bila kusikia, kwa kuwa wakati huo mhusika wangu alikuwa akivunja uchumba. Nikaiweka bahasha yake juu ya kurasa za mswada nilizokuwa nimezichapa kwa karatasi za ofisi, ambalo ni kosa jingine, na jioni nikabeba rundo zima nyumbani.

Marejesho hayakuingizwa. Muda ukapita, mfumo ukaonyesha kwamba Mzee anadaiwa, na mwisho wa mwezi akakatwa mshahara kama kanuni inavyotaka. Alikuja bila kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, zile karatasi zangu zilikuwa na kasoro gani?" Nilimjibu kwamba ninalifuatilia suala lake, na nyote mnajua jibu hilo hutolewa lini. Usiku nilizikuta risiti zake katikati ya sura mbili. Kurejesha fedha iliyokwisha kukatwa ni safari mnayoifahamu: barua, maelezo, idhini ya mweka hazina, afisa utumishi, kisha kungoja orodha ya mishahara ya mwezi unaofuata. Katika mwezi huohuo mtoto wake alikuwa akienda kuanza kidato cha tano, na ilimbidi akope kwa watu wa riba. Nilimweleza ukweli baada ya fedha kurudi, si kabla, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Akatikisa kichwa, akaniuliza kama hadithi yenyewe ilikwisha. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba sura ile ilikuwa mbovu na nimeifuta yote.

Tangu hapo mswada wangu hauvuki geti la halmashauri. Wazo likinijia kazini, huandikwa mstari mmoja katika daftari dogo la mfukoni, kisha daftari hufungwa.

Tatu, tungeni alfajiri, kwa sababu aliyeshinda na usuluhishi wa benki, akilinganisha vitabu vya ofisi na taarifa ya benki, harudi nyumbani na sentensi hata moja iliyonyooka. Juni msiandike kabisa, someni. Mnaojiandaa kwa mitihani ya bodi ya wahasibu ya Mei au Novemba, msijiahidi kumaliza kitabu katika miezi hiyo. Tangazo la tuzo ya uandishi likitoka, iwe ya Safal au ya Mwalimu Nyerere, lisomeni mkiwa tayari na mswada, msilisome ndipo muuanze.

Nne, msimwandike mkubwa wenu wa kazi. Mwenzangu mmoja alitunga hadithi fupi yenye mweka hazina mwenye tabia ya kulamba kidole gumba kabla ya kufunua kila ukurasa, na idara nzima ikajua ni nani, isipokuwa mwenyewe. Aliisoma, akaamini kwamba yeye ndiye yule mkaguzi shupavu wa mwishoni, akataka zinunuliwe nakala kumi kwa ajili ya maktaba ya wilaya, na mwenzangu akashinda wiki nzima akimshawishi kwamba hakuna kifungu kinachoruhusu. Bahati ya namna hiyo haijirudii.

Mwisho ni swali ambalo kila mgeni huniuliza kwa sauti ya chini: aache kazi lini? Ndugu zangu, ninyi ni wahasibu. Orodhesheni mapato ya kalamu ya miezi 24, mwondoe mwezi ulio bora kuliko yote, mtoe gharama za uchapaji na nauli za kufuatilia malipo kwa mchapishaji, kisha mlinganishe kinachobaki na matumizi ya nyumbani, mkiingiza na bima ya afya ambayo sasa mwajiri anaichangia. Mimi huifanya hesabu hiyo kila Julai, vitabu vikishafungwa, na bado saa moja na nusu asubuhi hunikuta mezani.