Wakili anajibu: "Msimpe kura, ni Mwislamu." Je, hiyo ni haki ya kujieleza?

SWALI: Asalaam aleikum, Wakili. Ninaishi South C, Nairobi. Mwaniaji mmoja wa kiti cha MCA (mwakilishi wa wadi) alisimama juu ya gari la kampeni akasema mpinzani wake, ambaye ni Mwislamu kama mimi, asipewe kura kwa sababu "ataleta sharia afunge makanisa." Jumapili iliyofuata pasta mmoja akawaambia waumini kwamba atakayempigia mtu huyo kura atalaaniwa yeye na watoto wake. Video zote mbili ninazo. Ni kosa ama ni uhuru wao? Na je, nikiandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kwamba pasta huyo ni mnafiki aliyenunuliwa, nitashtakiwa?

JIBU: Waalaikum salaam, dada. Pole kwa kusikia hayo mtaani kwako. Huenda hili likakushangaza: kati ya hao wawili, aliye karibu zaidi na kosa la jinai ni pasta.

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kumshurutisha mpiga kura. Watu wengi hudhani hapo panazungumziwa marungu na vitisho vya kufukuzwa nyumba, lakini sheria inataja pia kumtishia mtu madhara ya kiroho ili apige kura au asipige. Kwa maoni yangu, laana kwa mtu na watoto wake inaingia humo moja kwa moja. Pasta ana haki ya kusema kwamba yeye binafsi hamchagui asiye wa imani yake. Ana haki pia ya kuwaomba waumini wapime wagombea kwa mizani ya Biblia, na maneno hayo yakikuudhi hayageuki kosa. Penye tatizo ni pale anapomwambia mtu kwamba akitia alama fulani kwenye karatasi ya kura, baya litamfika.

Mwaniaji wa juu ya gari ana kesi ngumu zaidi, na hapo ndipo malalamiko mengi ninayoyaona hufia.

Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujieleza, kisha kinasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, wala uenezaji wa chuki unaojengwa juu ya misingi ya ubaguzi iliyotajwa katika Kifungu cha 27(4). Dini imo katika orodha hiyo, sambamba na kabila, jinsia na hata mavazi. Mpaka hapo unaweza kudhani umeshinda. Lakini Katiba kusema kwamba neno fulani halilindwi si sawa na sheria kusema kwamba aliyelitamka afungwe. Ili mtu afungwe lazima kuwe na sheria inayolitaja kosa na adhabu yake.

Sheria ambayo kila mtu huikimbilia ni ile ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, sehemu ya 13, yenye faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Soma tafsiri iliyomo ndani ya sehemu hiyo. Chuki inayoadhibiwa ni ile dhidi ya kundi linalotambulishwa kwa rangi, uraia, kabila au asili ya taifa. Dini haikutajwa. Sehemu ya 62 nayo inazungumzia kabila na rangi tu. Wakili wa mshtakiwa ataliibua hilo siku ya kwanza pale mahakama ya Milimani. Nasema wazi kwamba Bunge liliacha pengo. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1972, na Kifungu cha 20 cha mkataba huo kinataka sheria ipige marufuku uenezaji wa chuki ya kidini unaochochea ubaguzi, uhasama au ghasia.

Kwa hiyo isikilize video yako yote, si zile sekunde 20 zinazozunguka mtaani. Hapa Nairobi maneno "Mwislamu" na "Msomali" huchanganywa kila siku, na mwanasiasa anaweza kusema dini huku kila aliye uwanjani akijua anasema kabila. Kama alitaja Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, kama alisema "warudi kwao," kama aliiga lafudhi ya watu fulani umati ukacheka, hapo sehemu ya 13 inaanza kupata uhai, kwa sababu mahakama huangalia mazingira yote ya tukio. Mnamo 2022 Tume ya Uwiano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya kuchunga, na neno "kafiri" lilikuwamo. Orodha hiyo husaidia kuonyesha mazingira. Haitoshi kumtia mtu hatiani.

Ipo pia sehemu ya 138 ya Kanuni ya Adhabu, inayompa mwaka mmoja gerezani anayetamka neno kwa kusudi la kujeruhi hisia za kidini za mwingine. Sikushauri uitegemee. Kuthibitisha kusudi hilo ni kazi, na huyu bwana alimshambulia mgombea zaidi kuliko imani yenyewe. Isitoshe, sheria ya kulinda hisia huwatumikia wenye nguvu: kesho pasta anaweza kukugeuzia wewe hiyo hiyo.

Kuhusu sharia yenyewe, uongo huo ni wa zamani. Mwaka 2007 Raila Odinga, akiwania urais, alitia saini makubaliano na NAMLEF, jukwaa la viongozi wa Waislamu, na nakala bandia ikasambazwa ikidai kwamba ameahidi kuleta sharia. Kabla ya kura ya maamuzi ya Katiba ya Agosti 4, 2010, mahakama za Kadhi zilifanywa jinamizi, ingawa Kifungu cha 170 kinazipa mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi tu, tena pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. MCA hawezi kukigusa, hata akipata kura zote za wadi. Marekani nao walipitia haya. Picha ya Barack Obama akiwa amevalishwa mavazi ya Kisomali alipotembelea Wajir mwaka 2006 ilisambazwa mwanzoni mwa 2008 kama ushahidi kwamba ni Mwislamu. Wengi walimtetea kwa kusema yeye ni Mkristo. Oktoba mwaka huo Colin Powell, waziri wa zamani wa mambo ya nje na mwanachama wa Republican, chama kilichoshindana na Obama, akauliza: na angekuwa Mwislamu, kosa liko wapi?

Basi uende wapi? Kwa mwaniaji, anza na Kanuni za Maadili ya Uchaguzi, si polisi. Wagombea na vyama hufungwa nazo, na tume ya uchaguzi, IEBC, inaweza kutoa onyo, kutoza faini, au kumzuia mtu kufanya mikutano. Kiwango cha ushahidi hapo si kile cha kesi ya jinai, na uamuzi unaweza kutoka kampeni ikiwa bado inaendelea. Kama bado hajaidhinishwa kuwa mgombea, mwandikie Msajili wa Vyama vya Siasa kuhusu chama chake, kwa kuwa Kifungu cha 91 kinakataza chama kueneza chuki kwa msingi wa dini. Nakala ipelekee NCIC, Upper Hill. Hao huchunguza na kupendekeza. Anayeshtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye ndiye atakayeamua pia kuhusu pasta.

Video zitunze kwenye simu iliyozirekodi. Usizikate wala kuziwekea maandishi. Sehemu ya 106B ya Sheria ya Ushahidi inataka cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa, na video iliyofowadiwa mara kumi haina wa kuitilia saini. Kama hukurekodi mwenyewe, mtafute aliyerekodi mapema, kabla hajauza simu. Penye Sheng au lugha ya mama, andika maneno yote kama yalivyotamkwa, kisha tafsiri pembeni.

Kuhusu kundi la mtaa: "mnafiki" ni maoni yako, na maoni juu ya mtu aliyezungumza siasa hadharani yana ulinzi mpana. "Amenunuliwa" ni dai la ukweli. Mahakama Kuu iliondoa kosa la jinai la kukashifu lililokuwa katika Kanuni ya Adhabu mwaka 2017, lakini bado anaweza kukudai fidia, na wewe ndiwe utakayeulizwa ni nani alimlipa, lini, na shilingi ngapi. Weka video nzima, andika tarehe na mahali, sema anachofanya ni aibu. Neno la kununuliwa liache mpaka upate ushahidi wa malipo.