Ankara si gharama: mhasibu auliza jinsi ya kupima thamani ya matibabu

Swali: Mimi ni mhasibu wa hospitali. Kliniki yetu ya vidonda vya miguu kwa wagonjwa wa kisukari ilianzisha utaratibu mpya: mguu unafungwa plasta ngumu ili uzito usiangukie kwenye kidonda, na daktari wa upasuaji anamwona mgonjwa kila anapohudhuria. Nimejumlisha ankara za mwaka na kuzigawa kwa idadi ya wagonjwa, nikaona utaratibu mpya ni ghali mno. Daktari anasema hesabu yangu haina maana, eti nihesabu QALY. Hiyo QALY inahesabiwaje, na kosa langu liko wapi?

Jibu: Tuanze na ankara, maana hesabu yako iliharibika hapo, kabla hata hujafika kwenye afya.

Ankara inaonyesha hospitali iliomba kulipwa kiasi gani. Gharama ni kile kilichotumika: dakika za watu, vifaa, chumba, mashine. Viwili hivi havilingani, kwa sababu bei za hospitali hupangwa ili huduma moja ibebe nyingine. Dawa huongezewa faida, huduma ya uzazi hushushwa bei, na mwisho wa mwaka vitabu vinakaa sawa. Kama ungekuwa unafanyia kazi shirika la bima, ankara waliyolipa ndiyo ingekuwa gharama yao halisi. Kwa mgonjwa, gharama ni pamoja na nauli na siku alizokosa kazi. Kwa hiyo kabla ya kushika kikokotoo andika juu ya karatasi: gharama ya nani? Wewe umeulizwa na hospitali, basi tafuta gharama ya hospitali.

Njia ninayoipenda ni ya kuhesabu kwa dakika, ambayo Robert Kaplan na Michael Porter wa Harvard waliipigia debe mwaka 2011 kama dawa ya hesabu mbovu za hospitali. Unamfuata mgonjwa mmoja kutoka mapokezi hadi anapotoka, saa mkononi. Niliwahi kufanya hivyo asubuhi nzima, nikagundua kwamba muuguzi alitumia dakika tisa kutafuta faili na mkasi. Dakika hizo haziko kwenye ankara yoyote, lakini mshahara wake ulikuwa unahesabika.

Tuseme muuguzi anaigharimu hospitali 900,000 kwa mwezi (chukua sarafu yoyote, hesabu haibadiliki). Kwenye karatasi anafanya kazi saa 160. Ondoa likizo, mafunzo, vikao na chai, unabaki na kama saa 120 za kuhudumia wagonjwa, yaani dakika 7,200. Gawa: kila dakika yake ni 125. Akisafisha na kufunga kidonda kwa dakika 28, hiyo ni 3,500. Daktari wa 400 kwa dakika akikaa dakika saba ni 2,800. Mtu wa mapokezi wa 50 kwa dakika, dakika sita, ni 300. Weka shashi, bandeji na dawa 5,400, chumba na vyombo 1,000. Hudhurio moja la utaratibu wa zamani limefika 13,000. Angalizo moja: usigawe kwa saa 160. Ukifanya hivyo utapata dakika rahisi ambazo hazipo duniani.

Sasa tuseme mgonjwa wa zamani huja mara 12, jumla 156,000. Mgonjwa wa utaratibu mpya huja mara 8 tu, lakini kwa plasta na muda mrefu wa daktari kila hudhurio ni 30,000, jumla 240,000. Ukiishia hapo, mpya umezidi kwa 84,000, na nadhani ndiyo picha uliyoiona.

Ila kidonda cha kisukari hakiishii kwenye mlango wa kliniki. Kisipopona, mgonjwa anaweza kuishia kukatwa mguu, na gharama yake inaandikwa kwenye daftari la wodi ya upasuaji, si lako. Fuata wagonjwa mwaka mzima. Tuseme kati ya 100 wa zamani 12 walikatwa mguu, na kati ya 100 wa mpya ni 8. Kukatwa mguu, kulazwa na mguu bandia ni 1,500,000. Gawanya mzigo huo kwa wagonjwa wote: wa zamani wanaongezewa 180,000 kila mmoja, wa mpya 120,000. Jumla sasa ni 336,000 dhidi ya 360,000. Pengo la 84,000 limebaki 24,000, na hakuna bei hata moja iliyobadilika.

Tuje kwenye QALY. Ni mwaka wa maisha uliopimwa pamoja na ubora wake: mwaka mmoja wa afya kamili ni 1, kifo ni 0, na zipo hali ambazo watu huziona mbaya kuliko kifo, nazo hupewa alama chini ya sifuri. Alama hupatikana kwa dodoso, na linalotumika sana ni EQ-5D. Linauliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Toleo lenye ngazi tano kwa kila jambo linatoa hali 3,125 tofauti. Uzito wa kila hali hautoki kwa daktari. Wananchi wa kawaida huulizwa, kwa mfano, miaka kumi katika hali hii wangeibadilisha kwa miaka mingapi ya afya kamili. Nchi nyingi zina jedwali lao la uzito. Kama yenu haina, azima la wengine, na useme wazi umeliazima wapi.

Kosa ninaloliona kila mara ni kuchukua alama ya mwisho na kutoa ya mwanzo. QALY ni alama mara muda. Tuseme mgonjwa wa utaratibu mpya alianza na 0.50, akapanda taratibu hadi 0.70 mwezi wa sita, akabaki hapo. Nusu mwaka ya kwanza wastani wake ni 0.60, mara 0.5 ni 0.30. Nusu ya pili 0.70 mara 0.5 ni 0.35. Jumla 0.65. Wa zamani alianza pia na 0.50, akafika 0.66: 0.29 na 0.33, jumla 0.62.

Usigawe 360,000 kwa 0.65 na 336,000 kwa 0.62 kisha ulinganishe majibu. Mgonjwa angeishi na angekuwa na alama fulani hata bila plasta yako. Linganisha tofauti kwa tofauti: 24,000 kwa 0.03, yaani 800,000 kwa kila QALY ya ziada. Ungeishia mlangoni mwa kliniki ungepata 84,000 kwa 0.03, yaani 2,800,000.

Je, 800,000 ni nyingi? Hakuna kipimo cha dunia nzima. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayopima ni matibabu gani yanafaa kulipiwa na huduma ya afya ya umma, kwa miaka mingi ilitumia pauni 20,000 hadi 30,000 kwa QALY. Shirika la Afya Duniani lilihusishwa na kipimo cha mara moja hadi tatu ya pato la taifa kwa kila mtu, lakini wataalamu wake wenyewe baadaye walionya kisitumike peke yake kuamua. Marekani, sheria ya mwaka 2010 ilikataza Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, kutumia gharama kwa QALY kama kigezo cha kuamua ilipie huduma gani, kwa hofu kwamba mwaka wa mtu mwenye ulemavu unahesabiwa pungufu. Hofu hiyo naiona ya haki, ndiyo maana mimi huweka pembeni ya QALY namba tupu ambazo kila mtu anazielewa: wangapi walibaki na mguu, wangapi wanatembea.

Ukikutana na DALY usiichanganye humu. Yenyewe huhesabu miaka iliyopotea, kwa kifo cha mapema na kwa ulemavu, kwa hiyo unataka ipungue, wakati QALY unataka iongezeke.

Kabla hujapeleka ripoti, tikisa namba moja. Watu 12 dhidi ya 8 ni tofauti ya wanne tu, inaweza kuwa bahati. Weka 10 mahali pa 8: utaratibu mpya unafika 390,000, na hata alama za afya zikibaki zilezile jibu linaruka hadi 1,800,000 kwa QALY. Waonyeshe wakubwa wako majibu yote mawili.

Kuhusu dodoso, EQ-5D lina wenyewe, kikundi cha watafiti kiitwacho EuroQol, na ruhusa huombwa kwao kabla ya kulitumia. Omba sasa, kisha mpe mgonjwa alijaze siku ya kwanza, kabla bandeji haijafunguliwa. Alama hiyo ukiikosa, hutaipata tena.