Re: Deki ya DVD kwenye TV ya 4K, niweke 720p, 1080i au 1080p?

Mkuu, kwenye setting ya picha inayotoka kwenye deki weka 1080p (pikseli, yaani nukta za picha, 1920 kwa 1080) tu usijisumbue. TV yako ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani mara 2 ya 1080p kila upande, kwa hiyo kuikuza ni kazi nyepesi kwake. Hiyo 1080i inatuma mistari nusu nusu halafu TV ndo iunganishe, ikikosea kidogo kwenye vitu vinavyokimbia utaona kingo zina meno meno kama kitana. Ila usitegemee miujiza aisee, DVD ya PAL (mfumo wa video wa nchi nyingi za Afrika na Ulaya) ina mistari 576 tu, deki inakuza kilichomo haiongezi kitu. Na hakikisha umechomeka waya wa HDMI, ule waya wa njano wa video wa zamani haupitishi HD (picha kali kama 720p au 1080p) hata ufanyeje.