Umenunua Sahani ya Matoke, Hukumnunua Mama

Wadogo zangu mnaokuja kusoma Kampala, kabla hamjaulizia hosteli za Kansanga, jifunzeni kusalimia.

Wiki yangu ya kwanza hapa niliingia kibandani mchana, njaa inaniuma, nikamwita aliyekuwa akipakua: "Wewe mama, leta matoke na nyama, haraka!" Hakujibu. Alifunua majani ya mgomba taratibu, mvuke ukampanda usoni, akawapakulia watatu waliokuja nyuma yangu. Nikapaza sauti kwamba hata mimi nalipa. Kijana wa meza ya pili akaniambia kwa upole, "Kaka, hujamsalimia."

Nilikasirika sana. Ilinichukua muda kuelewa jambo ambalo sisi wageni hatuambiwi: hapa Kiswahili kina kumbukumbu nzito. Kilikuwa lugha ya jeshi, na wazee wengi walikizoea kinywani mwa mtu mwenye bunduki, enzi za Amin, 1971 hadi 1979, na katika vurugu zilizofuata. "Leta!" "Toa!" "Lala chini!" Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi, lakini sikio la mtu mzima halibadilishwi na tangazo. Ukimwamrisha kwa Kiswahili, anasikia kambi ya askari.

Kwa hiyo anza kwa Kiganda, "gyebale ko, nnyabo". Kwa mwanamume, "ssebo". "Gyebale ko" ni salamu ya kumshukuru mtu kwa kazi anayoifanya. Subiri aitikie, ndipo useme "naomba". Kwa bodaboda ni vivyo hivyo: salamu kwanza, bei baadaye, na kupatana si kosa.

Najua mtasema, "Lakini nimelipa." Umelipia chakula. Yule mama ameanza kumenya ndizi wewe bado umelala, utomvu umemganda vidoleni, na heshima yake haimo katika bei ya sahani. Chakula kikija kimepoa, sema, ni haki yako kabisa. Sema tu kama ambavyo ungemwambia shangazi yako.

Nilirudi pale baada ya siku chache. Nikasimama karibu na sufuria, nikasema, "Gyebale ko, nnyabo." Akainua uso, akanisahihisha matamshi, akanirudisha niseme tena. Nilipopatia, akauliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Nakuru. Akachota mchuzi wa karanga, akaniongezea juu ya matoke bila kuombwa.